Jesse Livermore: Aliyejua kuchuma, akashindwa kulinda mtaji

Katika historia ya masoko ya hisa na mazao duniani, ni wachache waliopata fedha nyingi kwa muda mfupi kama Mmarekani Jesse Lauriston Livermore. Mtoto huyo wa mkulima alianza na dola 5 mwaka 1892. Miaka 37 baadaye, soko la hisa la New York lilipoporomoka Oktoba 1929, inakadiriwa kuwa alivuna kiasi cha dola milioni 100. Lakini Machi 1934 mtu huyohuyo alikuwa mahakamani akiomba kutangazwa muflisi, na haikuwa mara yake ya kwanza.

Maisha yake yanafaa kusomwa na kila anayeanza kwa mtaji mdogo huku akitamani soko kubwa, awe mnunuzi wa mahindi, mwekezaji wa hisa au hata mcheza karata. Livermore alikuwa na kipaji cha kusoma mwenendo wa bei ambacho wengi walikihusudu. Kilichomwangusha ni swali jingine ambalo wafanyabiashara wengi hulisahau, yaani katika biashara moja aingize sehemu gani ya mtaji wake, na sehemu gani aiache pembeni.

KIJANA WA UBAONI

Livermore alizaliwa Julai 26, 1877 katika mji mdogo wa Shrewsbury, jimbo la Massachusetts, kwenye familia ya wakulima wenye maisha magumu. Shuleni alikuwa hodari wa hesabu. Alipofikisha miaka 14 baba yake alimwachisha masomo ili afanye kazi shambani. Kijana hakuikubali jembe. Kwa msaada wa mama yake alitoroka na kwenda mjini Boston.

Huko alipata kazi katika ofisi ya madalali wa hisa ya Paine Webber. Enzi hizo bei za New York zilisafirishwa kwa telegrafu na kuchapwa kwenye utepe mwembamba wa karatasi. Mtu mmoja alizisoma kwa sauti, na kijana wa ubaoni aliziandika kwa chaki ili wateja wazione. Livermore ndiye aliyekuwa akiandika.

Wenzake waliziona namba hizo kuwa namba tu. Yeye alianza kuziandika katika daftari lake dogo, akichunguza bei ilifanya nini kabla ya kupanda na ilifanya nini kabla ya kushuka. Baada ya muda aliamini kuwa anaweza kubashiri hatua inayofuata. Alifanya majaribio kwenye karatasi kwa kipindi kirefu kabla hajatoa hata senti moja mfukoni.

Mwaka 1892, akiwa na umri wa miaka 15, aliingiza dola 5 katika hisa za kampuni ya reli ya Chicago, Burlington and Quincy. Alipata faida ya dola 3 na senti 12. Miezi michache baadaye alimpelekea mama yake dola 1,000 taslimu. Mama aliona ni fedha ya kamari na hakufurahi. Mtoto aliona ni matunda ya kuchunguza, na muda si mrefu aliacha kazi ili aishi kwa kubashiri bei.

VIBANDA VYA KUBASHIRI

Ni muhimu kueleza mahali alipofanyia biashara hiyo, maana ndipo lilipo fundisho la kwanza. Livermore hakununua hisa zenyewe. Alikwenda kwenye vibanda vilivyokuwa vimezagaa katika miji ya Marekani, ambako mteja aliweka dau juu ya bei na mwenye kibanda alikuwa ndiye mpinzani wake. Hakuna hisa iliyonunuliwa wala kuuzwa.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Tuseme hisa inauzwa dola 100. Mteja anaweka dola 10 kwa hisa 10, yaani dola 1 kwa kila hisa. Bei ikipanda hadi 103, anapata dola 30 ukiondoa ada. Ikishuka hadi 99, zile dola 10 zinaishia hapo na biashara imefungwa. Wateja wengi walipoteza kwa sababu kushuka kwa dola 1 ni jambo la dakika chache.

Kwa Livermore utaratibu huo ulikuwa na faida mbili ambazo hakuzitambua vizuri wakati huo. Ya kwanza, alilipwa kwa bei ileile iliyoandikwa ubaoni. Ya pili, hasara yake ilikuwa na mpaka. Hata angekuwa na kichwa kigumu kiasi gani, kibanda hakikumruhusu kupoteza zaidi ya alichoweka. Aliingia na sehemu ya mtaji, na sehemu hiyo ikiliwa, iliyobaki ilikuwa salama mfukoni.

Alishinda mno hata wenye vibanda wakamfukuza. Alijaribu kuingia kwa majina ya uongo na kubadili mwonekano, lakini kila mara alitambuliwa. Watu wakambandika jina la kijana mtumbukiaji, kwa jinsi alivyotumbukiza fedha bila woga. Alipokosa kibanda cha kumpokea aliamua kupanda ngazi, akaenda New York.

SOKO KUBWA, SHERIA NYINGINE

Habari nyingi za miaka hiyo zinatoka katika kitabu cha mwandishi Edwin Lefèvre, Reminiscences of a Stock Operator, kilichotolewa mwaka 1923 baada ya Lefèvre kuzungumza naye kwa kirefu. Mhusika anaitwa Larry Livingston, lakini inafahamika kuwa ni Livermore.

Kwa mujibu wa kitabu hicho, aliingia New York akiwa na umri wa miaka 21 na dola 2,500. Kabla ya miezi sita kupita zilikuwa zimekwisha, na juu yake alikuwa na deni. Ujuzi wake ulikuwa uleule na macho yaleyale. Kilichobadilika ni soko.

Katika soko halisi, agizo la kununua lilitoka kwa dalali, likaenda ukumbini, likatafuta muuzaji. Mpaka linatekelezwa, bei iliyokuwa kwenye utepe ilikuwa imeshapita. Alizoea kuvuna faida ya dola 1 au 2 kwa haraka, na sasa dola hiyo ililiwa na ucheleweshaji huo. Aidha, agizo lake kubwa lenyewe lilisogeza bei. Na kubwa kuliko yote, hapakuwa tena na mpaka wa hasara uliowekwa na mwenye kibanda. Mpaka ilibidi auweke mwenyewe.

Mnunuzi wa mazao anaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi. Anayenunua magunia 10 ya mahindi kijijini huona bei na kulipa hapohapo. Akitaka magunia 2,000, bei hupanda kabla hajamaliza kununua, usafiri humchelewesha, na akifika mjini soko limegeuka. Anafanya biashara nyingine hata kama zao ni lilelile.

Alichofanya Livermore baada ya kuishiwa ni cha busara. Alikopa dola 500, akapanda treni hadi St. Louis ambako vibanda havikumfahamu, akashinda kabla hawajamtambua, kisha akarudi New York na mtaji mpya. Kwa maneno mengine alishuka ngazi moja, mahali ambapo ujuzi wake ulikuwa na nguvu, akajijenga upya. Wachezaji wa poka wenye uzoefu wana kanuni hiyohiyo. Hawakai kwenye meza ya dau kubwa mpaka wawe na akiba ya kuingia mezani mara 20 au zaidi, na akiba hiyo ikipungua wanarudi meza ya chini bila kuona aibu.

Hata hivyo alirudia kosa la kuingiza kila kitu. Lefèvre anaeleza kuwa kufikia Mei 1901 kijana huyo alikuwa na dola 50,000. Mei 9, siku ambayo vita ya kugombea reli ya Northern Pacific ilipandisha hisa zake hadi dola 1,000, aliona sawasawa kuwa hisa nyingine zingeanguka na baadaye zingeinuka. Aliuza, lakini maagizo yake yakatekelezwa bei zikiwa zimeshaanguka. Akanunua, yakatekelezwa bei zikiwa zimeshainuka. Alibashiri sawa mara mbili kwa siku moja, na bado akapoteza zote.

MILIONI YA KWANZA

Baada ya kujijenga tena alibadilisha mtindo. Aliacha kukimbizana na mabadiliko ya dakika na kuanza kuangalia mwelekeo mkubwa wa uchumi, yaani riba za mikopo, mavuno na hali ya mabenki. Mbinu aliyopenda ilikuwa kuazima hisa na kuziuza zikiwa ghali, kisha kuzinunua zikishuka, kuzirudisha na kubaki na tofauti.

Aprili 1906 aliuza kwa njia hiyo hisa nyingi za reli ya Union Pacific. Siku moja baadaye, Aprili 18, tetemeko kubwa likaubomoa mji wa San Francisco, na aliishia na faida ya dola 250,000. Hapo bahati ilimbeba. Lakini mwaka 1907 aliona mapema kuwa fedha za kukopesha zinaadimika New York na kwamba walionunua hisa kwa mikopo wangelazimika kuuza. Oktoba 24, 1907 hofu ilipolikumba soko, alipata zaidi ya dola milioni 1 kwa siku moja.

Wakati huo tajiri wa mabenki J.P. Morgan alikuwa akihangaika kuokoa soko lisifungwe. Livermore aliombwa asiendelee kuuza. Alikubali, akageuka na kununua, na bei zilipopanda utajiri wake ukafika takriban dola milioni 3. Alikuwa na miaka 30. Alinunua boti ya kifahari na kuishi kitajiri.

PAMBA ILIVYOMMALIZA

Kisa cha pamba ndicho kinachowagusa zaidi watu wa kilimo. Masoko ya mazao ya Marekani huuza mikataba ya mazao yatakayotolewa miezi ya mbele. Mkulima anaitumia kujua bei yake mapema, na mbashiri anaitumia kutafuta faida. Mnunuzi huweka amana ndogo tu, hivyo kwa fedha kidogo anaweza kushika mzigo mkubwa sana.

Mwaka 1908 Livermore alishika pamba nyingi kiasi kwamba magazeti yaliandika kuwa ameliteka soko la zao hilo. Alitoka salama na kwa faida. Muda mfupi baadaye alikutana na mtaalamu mashuhuri wa pamba, mtu mwenye takwimu nyingi na ulimi mzuri, aliyeamini kuwa bei ingepanda. Livermore alikuwa na mtazamo tofauti, lakini akashawishika na kununua.

Lefèvre anasimulia kuwa wakati huo alikuwa na mizigo miwili, ngano iliyokuwa ikimpa faida na pamba iliyokuwa ikimpa hasara. Kanuni yake mwenyewe ilimtaka aachane na inayopoteza na kushikilia inayolipa. Alifanya kinyume. Aliuza ngano akachukua faida, kisha akaendelea kununua pamba kila iliposhuka, akitumaini kuwa gharama ya wastani itapungua. Mwishowe alijikuta ameshika marobota 440,000. Kwa uzito wa robota la Marekani, hiyo ni karibu tani 100,000 za pamba nyuzi mikononi mwa mtu mmoja. Alipolazimika kuuza, sehemu kubwa ya utajiri wake iliondoka nayo.

Ikumbukwe kuwa kosa hili hutokea hata kwa wafanyabiashara wadogo. Mwenye ghala la vitunguu ambaye bei imemwendea vibaya huongeza magunia mengine kwa kuwa sasa ni rahisi zaidi. Anachoongeza kwa kweli ni ukubwa wa dau katika biashara ambayo tayari imemwambia kuwa amekosea.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Livermore alitaka kurudisha fedha zake haraka, akaingia sokoni kwa sababu anahitaji fedha na si kwa sababu ameona nafasi. Akapoteza zilizobaki na kuanza kukopa. Soko likapoa kwa miaka kadhaa, na vita ilipoanza Ulaya mwaka 1914 soko la New York likafungwa kwa miezi. Mwaka 1915 alitangazwa muflisi, akiwa na madeni ambayo kitabu kinasema yalizidi dola milioni 1. Alieleza kuwa madeni yalikuwa yamemharibia uamuzi, kwani aliwaza wadai kila alipotazama bei.

RISASI MOJA

Namna alivyoinuka baada ya hapo ni sehemu bora ya maisha yake. Dalali mmoja alikubali kumdhamini kwa hisa 500 tu. Angekosea, hapakuwa na nafasi nyingine. Ilimbidi kwanza asubiri.

Kwa mujibu wa simulizi hiyo, alikaa wiki sita akitazama bei bila kufanya biashara yoyote. Macho yake yalikuwa kwenye hisa za kampuni ya chuma ya Bethlehem Steel, iliyokuwa ikipata maagizo makubwa ya vifaa vya vita. Uzoefu ulimwonyesha kuwa hisa inayovuka dola 100 kwa mara ya kwanza kwa kawaida huendelea kupanda. Ilipofika 98 akanunua hisa zake 500. Ilipokwisha kupanda na kumpa faida, akaitumia faida hiyo kama amana na kununua 500 nyingine. Siku iliyofuata bei ilikuwa 145, naye akauza. Alikuwa amerudi kazini.

Tofauti na kisa cha pamba iko wazi. Safari hii aliongeza mzigo baada ya soko kumthibitishia kuwa yuko sahihi, na alichoongeza kilitokana na faida. Kitabu hicho kinampa kanuni hii kwa namba. Mtu anayetaka kununua kiasi fulani anunue kwanza sehemu moja ya tano, na kama sehemu hiyo haijampa faida, asiongeze.

Kufikia mwaka 1917 alikuwa amelipa wadai wake, ingawa baada ya kutangazwa muflisi sheria haikumlazimisha. Aliweka pia fedha kwa ajili ya familia yake kwa masharti kwamba yeye mwenyewe asiweze kuzigusa. Alikuwa ameanza kujifahamu.

NGANO NA KUANGUKA KWA 1929

Miaka ya 1920 ilimkuta Livermore akiwa na ofisi kwenye jengo la Heckscher mjini New York, yenye ubao mkubwa wa bei na vijana wa kuandika kama alivyokuwa yeye zamani. Mwaka 1924 na 1925 aliingia kwa nguvu katika soko la nafaka la Chicago. Upande wa pili alikuwapo Arthur Cutten, mbashiri mkubwa wa nafaka aliyekuwa akinunua ngano. Mapema mwaka 1925 bei ilivuka dola 2 kwa busheli, ambayo ni kama kilo 27, kisha ikaanguka vibaya mwezi Machi. Inakadiriwa kuwa Livermore alipata dola milioni 10 kwa ngano na mahindi. Serikali ilichunguza mtikisiko huo kupitia idara iliyosimamia biashara ya mikataba ya nafaka, kwa kuwa wakulima walilalamika kuwa jasho lao limekuwa mchezo wa matajiri.

Mwaka 1929 aliona kuwa hisa zimepanda kupita kiasi. Alianza kuuza kidogo kidogo kupitia madalali zaidi ya 100 ili soko lisijue. Mwanzoni alikosea na kupata hasara ya mamilioni, kwani bei ziliendelea kupanda. Lakini hasara hizo hazikummaliza, na alipoona dalili alizozisubiri akaongeza. Oktoba 24, 1929, tarehe ileile aliyopata milioni yake ya kwanza miaka 22 nyuma, soko likaanza kuporomoka. Faida yake inatajwa kuwa dola milioni 100. Wananchi waliopoteza akiba zao walimlaumu, akapokea vitisho vya kuuawa na kuajiri mlinzi.

Kwa fedha hizo angeweza kuishi maisha yake yote bila kufanya biashara tena. Badala yake aliziacha sokoni. Mwaka 1932 ndoa yake na Dorothy Wendt ilivunjika, na mwaka uliofuata jumba lao la kifahari likauzwa kwa mnada. Machi 1934 alitangazwa muflisi tena akiwa na madeni ya zaidi ya dola milioni 2, na soko la mazao la Chicago likamsimamisha uanachama. Mwaka huohuo sheria mpya ya masoko ya hisa ilipiga marufuku njama nyingi za kupandisha na kushusha bei zilizozoeleka enzi zake.

HESABU INASEMA NINI

Je, kipaji chake kilipungua? Hesabu inaonyesha kuwa mtu anaweza kuwa na kipaji na bado akafilisika. Mwaka 1956 mtafiti John Kelly wa maabara za Bell nchini Marekani alitoa kanuni ya kupima sehemu ya mtaji inayofaa kuwekwa kwenye dau moja, kulingana na uwezekano wa kushinda.

Chukua mfano wa mtu anayeshinda mara 6 katika kila 10, na kila akishinda hupata kiasi sawa na alichoweka. Huyu ni hodari kweli. Anaanza na shilingi 100,000 na kufanya biashara 10, anashinda 6 na kushindwa 4. Akiweka asilimia 10 ya mtaji alionao kila mara, anamaliza na takriban shilingi 116,000. Akiweka asilimia 20, ambayo ndiyo kanuni ya Kelly inayotoa hapa, anamaliza na 122,000. Akiweka asilimia 40, anamaliza na 97,600, yaani amepata hasara ingawa ameshinda mara nyingi kuliko alivyoshindwa. Akiweka asilimia 60 anabaki na 43,000 hivi. Na akiweka zote, siku ya kwanza ya kushindwa ndiyo siku ya mwisho ya biashara.

Sababu ni kwamba kurudisha kilichopotea ni kazi kubwa kuliko kukipoteza. Anayepoteza asilimia 10 anahitaji faida ya asilimia 11 kurudi alipokuwa. Anayepoteza nusu anahitaji faida ya asilimia 100. Anayepoteza asilimia 90 anahitaji asilimia 900. Aidha, asilimia 20 katika mfano huu inamfaa tu mwenye uhakika kuwa anashinda mara 6. Anayeanza hana uhakika huo, na kwa hiyo sehemu yake lazima iwe ndogo zaidi.

KANUNI ALIZOACHA

Machi 1940 Livermore alichapisha kitabu chake mwenyewe, How to Trade in Stocks. Hakikuuzwa sana wakati huo. Ndani yake anawakataza watu kuongeza mzigo unaopata hasara, jambo alilolifanya kwenye pamba. Anasisitiza kununua kwa hatua, na kila hatua ithibitishwe na bei. Tena anatoa shauri ambalo ni adimu katika vitabu vya aina hiyo. Kila biashara ya faida inapofungwa, nusu ya faida itolewe na kufungiwa mahali salama. Kwa maoni yake, fedha pekee ambayo mbashiri anaipata kweli ni ile aliyoitoa sokoni.

Aliandika hayo akiwa ameona mamilioni yakipita mikononi mwake mara kadhaa. Kwa miaka mingi alikuwa pia akisumbuliwa na maradhi ya huzuni. Novemba 28, 1940 alijiua kwa risasi katika hoteli ya Sherry-Netherland mjini New York, akiwa na miaka 63.

Kwa anayeanza leo, maisha ya Livermore yanaonyesha mambo ya kufanya kabla ya kupanda ngazi. Fedha ya biashara itengwe na fedha ya chakula, ada za watoto na mbegu za msimu ujao. Kiasi cha juu kinachoweza kupotea katika biashara moja kiandikwe kabla ya kuingia, kwa kuwa soko kubwa halina mwenye kibanda wa kukuzuia. Soko jipya lijaribiwe kwa sehemu ndogo ya mtaji, kwani ujuzi wa soko dogo hauhami wote. Mtaji ukipungua, ni afadhali kurudi kwenye biashara ndogo unayoimudu kuliko kukopa ili kurudisha hasara.

Na faida inapopatikana, nusu yake iondoke sokoni siku hiyohiyo, iwe benki, iwe kwenye shamba au kwenye mifugo. Livermore alikuwa na miaka 62 alipoiweka kanuni hiyo kwenye kitabu. Angeifuata tangu Oktoba 1929, madeni ya 1934 yangekuta akiba ya kuyalipa mara nyingi.